Sura ya Sita: Usugu wa Wadudu na Mabaki ya Sumu kwenye Mboga

Usugu wa wadudu ni hali ya dawa iliyokuwa ikiua mdudu fulani kwa kipimo cha kwenye lebo kushindwa kumuua tena, kwa sababu kizazi kilichopo kimerithi uwezo wa kuistahimili. Jambo la kushika hapa ni kurithi. Mdudu mmoja hazoei dawa jinsi mlevi anavyozoea pombe. Katika maelfu ya wadudu waliomo shambani, wachache huzaliwa na tofauti ndogo ya kimaumbile inayowanusuru. Bomba linapopita, wengine hufa na hao wachache hubaki kuzaana wao kwa wao. Dawa hiyohiyo ikirudiwa msimu baada ya msimu, shamba zima hujaa uzao wa walionusurika.

Mabaki ya viuatilifu ni kiasi cha dawa, au cha kemikali zinazotokana na kuvunjika kwake, kinachokuwa bado kimo ndani au juu ya zao linapovunwa na kuliwa. Usugu kwa kawaida ni somo la wataalamu wa wadudu, na mabaki ni somo la wataalamu wa usalama wa chakula. Shambani mambo haya hayatengani. Dawa ikishindwa, mkulima huongeza kipimo, huchanganya dawa mbili au tatu, hupuliza mara nyingi zaidi, na hupuliza karibu zaidi na siku ya kuvuna. Kila hatua kati ya hizo huongeza kinachobaki kwenye nyanya, na kila hatua huzidi kuwachuja wadudu hadi wabaki sugu peke yao.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1914 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, A. L. Melander, aliuliza katika makala yake kama wadudu wanaweza kuwa sugu kwa dawa, baada ya kuona wadudu magamba wa miti ya matunda jimboni Washington wakistahimili mchanganyiko wa chokaa na salfa. Swali lake lilipata jibu kamili baada ya DDT. Uwezo wa DDT kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Wakati anaipokea, tayari kulikuwa na inzi wa nyumbani huko Ulaya wasiouawa nayo. Leo spishi za wadudu na jamaa zao zilizothibitishwa kuwa sugu kwa dawa moja au zaidi zimepita 500.

Mabonde ya Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, miteremko ni ya migomba, maharage, mihogo na mahindi. Mboga za biashara hutafuta maji, na maji yako mabondeni. Masika yakiisha, kuanzia Juni hadi vuli irudi, unyevu uliobaki kando ya vijito ndio unaobeba nyanya, kabichi, bilinganya, nyanya chungu, vitunguu na mchicha. Kiangazi ndicho kipindi cha bei nzuri, kwa kuwa walioweza kulima ni wachache. Barabara ya Nyakanazi, Lusahunga na Benaco hufika Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, na nyingine hufika Kabanga kwenye mpaka wa Burundi, hivyo tenga la nyanya lililojazwa alfajiri linaweza kuwa mpakani mchana.

Kiangazi hicho hicho ndicho kipindi cha wadudu. Mvua kubwa huangusha mayai na viwavi wadogo, na huwapa fangasi wanaoua wadudu unyevu wanaouhitaji. Mvua ikikatika, vidukari, inzi weupe, vithiripi, utitiri mwekundu na nondo wa nyanya huzaliana kwa kasi, tena katika bonde jembamba ambamo shamba la huyu limegusana na la yule na umri wa mimea haulingani. Mkulima mmoja anapong'oa nyanya zilizokwisha, jirani yake ndiyo kwanza anahamisha miche kutoka kitaluni. Mdudu hakosi chakula hata wiki moja, na akiruka kutoka shamba moja kwenda jingine hubeba usugu alioupata kwa mwenye shamba la kwanza.

Kantangaze

Mdudu aliyeuleta usugu mezani kwa mkulima wa nyanya wa Tanzania ni nondo wa kijivu asiyezidi urefu wa punje ya mchele, Tuta absoluta, ambaye wakulima wamempa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alielezwa kisayansi mwaka 1917 kutokana na nondo waliokusanywa Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akazunguka Bahari ya Mediterania hadi Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 akathibitishwa Kenya na Tanzania. Uganda na Rwanda zilifuata muda mfupi baadaye. Kwa ukanda wa Ngara, uliobanwa kati ya nchi hizo na barabara zake za malori, hapakuwa na namna ya kumkwepa.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, moja moja, mengi yakiwa chini ya jani. Kiwavi akianguliwa hutoboa na kuingia katikati ya ngozi mbili za jani, akala nyama iliyomo na kuacha kidirisha cheupe chenye chembe nyeusi za kinyesi. Jani hilo likiinuliwa kuelekea jua, kiwavi huonekana ndani yake, rangi ya kijani iliyofifia na kichwa cheusi, akiwa amefunikwa juu na chini. Akikua hutoka, hutafuta jani jingine au tunda, na kwenye tunda hupenda kuingilia chini ya kikonyo, mahali pasipoonekana nyanya inapopangwa kwenye tenga. Wengi hugeuka buu ardhini. Tangu yai hadi nondo huchukua takriban mwezi mmoja, zaidi kidogo pakiwa na baridi, na penye nyanya mwaka mzima anaweza kupita vizazi 10 hadi 12 kwa mwaka.

Maisha haya yanaeleza kwa nini mpulizaji huhisi anamwaga maji. Dawa inayoua kwa kugusa haimfikii kiwavi aliye ndani ya jani. Haimfikii buu aliye udongoni. Siku ya kupuliza, sehemu tu ya wadudu ndiyo iko wazi. Wiki moja baadaye wengine hutoka na shamba linaonekana kama halikuguswa. Mkulima anayeona hivyo hupuliza tena, na kwa kawaida hurudia ileile aliyonayo nyumbani.

Juu ya hayo, kantangaze hakuja Afrika Mashariki akiwa mgeni wa dawa. Huko Chile na Brazil usugu wake dhidi ya dawa za kundi la paretoidi na zile za organofosfeti ulikuwa umeripotiwa kabla ya mwaka 2006, na uchunguzi wa vinasaba wa nondo walioenea Ulaya ulikuta wamebeba mabadiliko yanayowakinga na paretoidi. Dawa mpya za kundi la diamaidi, ambazo klorantraniliproli ni mojawapo, zilimtuliza kwa miaka michache. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kantangaze sugu kwa kundi hilo katika kisiwa cha Sicily, Italia. Kwa hiyo mkulima wa Biharamulo anayenunua paretoidi ya bei ya chini ili kumuua kantangaze ananunua silaha ambayo mdudu huyu aliishinda mbali sana, zamani kabla hajavuka bahari.

Mdudu anavyoishinda dawa

Njia za usugu ni chache na zimechunguzwa vizuri. Ya kwanza iko kwenye vimeng'enya. Kila mdudu ana vimeng'enya vya kuvunja sumu za asili zilizomo kwenye mimea anayokula. Mdudu sugu huvitengeneza kwa wingi zaidi, au ana aina inayofanya kazi kwa kasi zaidi, na dawa huvunjwavunjwa kabla ya kufika inapolenga. Njia hii ni ya hatari kuliko yanavyodhani maduka mengi ya pembejeo, kwa sababu kimeng'enya kimoja kinaweza kuvunja dawa za makundi tofauti, pamoja na dawa ambayo mdudu hajawahi kukutana nayo.

Njia ya pili iko kwenye shabaha yenyewe. Paretoidi na DDT hushambulia mlango wa sodiamu kwenye mishipa ya fahamu. Badiliko dogo kwenye protini ya mlango huo, tofauti ya asidi amino moja tu, linatosha dawa isishike. Organofosfeti na kabamati hukifunga kimeng'enya cha asetilikolinesterasi, na hicho nacho kina mabadiliko yake yanayojulikana. Njia nyingine, kama ngozi kuwa nene au mdudu kuepuka mahali palipopuliziwa, huongeza nguvu ya hizo mbili.

Paretoidi zenyewe zina nasaba ya hapa nyumbani. Zimeigwa kutoka kwenye sumu ya ua la pareto, zao ambalo Kenya na Tanzania zimekuwa kati ya wazalishaji wake wakuu duniani. Pareto ya asili huharibiwa haraka na jua. Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitengeneza mfano wake usioharibiwa upesi na jua, permethrini, uliotangazwa mwaka 1973. Kukaa muda mrefu juani ndiko kulikozipa soko, na ndiko kunakompa mdudu nafasi ya kuchujwa kwa siku nyingi baada ya kila mpulizo.

Rafu ya duka

Makosa mengi hutokea dukani kabla ya kufika shambani, na hayatokani na uzembe wa mkulima. Kwenye rafu moja hukaa chupa tatu zenye majina matatu ya kibiashara, rangi tatu na bei tatu. Ndani ya moja mna lambda-sihalothrini, ya pili sipermethrini, ya tatu deltamethrini. Anayetumia ya kwanza wiki hii na ya pili wiki ijayo anaamini amebadilisha dawa, kama alivyoshauriwa na afisa ugani. Hajabadilisha chochote. Zote tatu ni paretoidi, zote hugonga mlango uleule wa sodiamu, na mdudu aliyeishinda moja kwa kubadilika shabaha amezishinda zote.

Kamati ya kimataifa ya kampuni za viuatilifu inayoshughulikia usugu, IRAC, iliyoundwa mwaka 1984, imezipanga dawa zote za wadudu kwa namba kulingana na mahali zinapompiga mdudu. Kabamati ni 1A, organofosfeti kama profenofosi na klorpirifosi ni 1B, paretoidi ni 3A, neonikotinoidi kama imidaklopridi ni 4A, spinosadi ni 5, abamektini na emamektini benzoati ni 6, dawa za bakteria wa Bt ni 11A, na diamaidi ni 28. Namba hizi zina manufaa zaidi kwa mkulima kuliko jina lolote la kibiashara. Zinapaswa kusomeka kwa maandishi makubwa kwenye kila chupa inayouzwa, na muuzaji wa dawa asiyezijua hastahili leseni.

Kipimo nacho kina hadithi yake. Lebo ikiagiza mililita 20 kwa lita 20 za maji, bomba la lita 16 linahitaji mililita 16. Wengi hupima kwa kifuniko cha chupa, na vifuniko havilingani. Pesa ikipungua, kifuniko kimoja huenda kwenye mabomba mawili. Wadudu wenye nusu ya usugu, waliorithi kwa mzazi mmoja tu na ambao kipimo kamili kingewaua, huponea hapo na kuzaana. Hofu ikizidi, vifuniko vitatu huingia kwenye bomba moja. Wadudu sugu kabisa huishi vilevile, na ziada hubaki kwenye tunda.

Utafiti wa Aiwerasia Ngowi na wenzake kwa wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta zaidi ya nusu ya wakulima wakisema matumizi yao ya dawa yanaongezeka, na takriban theluthi moja wakichanganya dawa ndani ya bomba moja. Asilimia 68 walieleza kuwa walijisikia vibaya baada ya kupuliza. Mchanganyiko wa namna hiyo mara nyingi huunganisha dawa ya wadudu na ya ukungu, au dawa mbili za kundi moja, bila maelekezo yoyote ya lebo. Mchanganyaji hutaka kuokoa safari ya pili ya bomba mgongoni, jambo linaloeleweka kwa yeyote aliyewahi kulibeba likiwa limejaa.

Biharamulo inachangia kitu kingine: pamba. Dawa za pamba hugawiwa au kukopeshwa msimu wa pamba, na kinachobaki huishia kwenye bustani ya mboga. Dawa hizo zimesajiliwa kwa zao lisiloliwa majani wala kuchumwa kila wiki. Lebo zake hazina siku za kusubiri kabla ya kuvuna nyanya au mchicha, kwa sababu aliyeziandika hakutarajia dawa ipulizwe huko.

Dawa za kuua kila kitu huua pia walinzi. Buibui, wadudu wadogo walao mayai, mabuu wanaokula vidukari na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi hufa kwanza, kwa kuwa hutembea juu ya majani mchana kutwa. Utitiri mwekundu ni mfano wa wazi: shamba la nyanya linalopuliziwa paretoidi mfululizo mara nyingi hupata utitiri mwingi kuliko lisilopuliziwa, kwa kuwa maadui wake wameondolewa na wenyewe hawadhuriki sana.

Nondo wa kabichi na nyigu aliyeletwa

Kama kuna mdudu anayestahili kufundishwa katika kila shule ya kilimo, ni nondo mgongo-almasi, Plutella xylostella, anayetoboa kabichi, sukuma wiki na figili. Huko Java, Indonesia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuwa sugu kwa DDT. Mwaka 1990 watafiti waliripoti kutoka Hawaii kuwa alikuwa sugu kwa dawa ya bakteria wa Bt, dawa iliyosifiwa kuwa haiwezi kushindwa. Hakuna mdudu mwingine aliyekuwa amefanya hivyo shambani. Diamaidi zilipoingia Asia ya Kusini-Mashariki, miaka michache ilitosha kwake kuzishinda huko Ufilipino na Thailand.

Ushindi wa maana dhidi yake Afrika Mashariki ulipatikana kwa njia nyingine. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao Nairobi, kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo, Diadegma semiclausum, ambaye hutaga yai ndani ya kiwavi wa nondo huyo. Buu wa nyigu hula kiwavi kutoka ndani. Kuanzia mwaka 2002 nyigu waliachiliwa kwenye nyanda za juu za Kenya, zikiwemo zile za milima ya Taita, kisha Tanzania na Uganda. Walizoea, wakaenea wenyewe, na nondo akapungua sana kwenye maeneo ya baridi. Nyigu huyu hupenda miinuko, na vilima vya Ngara vinavyopita mita 1,500 ni mahali panapomfaa. Sharti lake ni moja: hawezi kuishi kwenye shamba linalopuliziwa paretoidi kila wiki. Mkulima wa kabichi anayepuliza kwa ratiba anamuua mfanyakazi asiyelipwa. Kwa kantangaze, icipe imefuata njia hiyohiyo kwa kuleta nyigu Dolichogenidea gelechiidivoris kutoka Peru.

Kinachobaki kwenye tunda

Dawa ikishapulizwa huanza kupungua. Jua huivunja, mvua huiosha, mmea huigeuza, na tunda linalokua huifanya iwe hafifu zaidi kwa uzito. Tuchukue dawa inayopungua kwa nusu kila siku tatu. Nyanya ikianza na miligramu 4 kwa kilo, baada ya siku tatu itakuwa na 2, baada ya sita 1, baada ya tisa nusu. Hesabu ya aina hiyo, iliyopimwa shambani kwa kila dawa na kila zao, ndiyo inayozaa siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo: tatu, saba, kumi na nne au zaidi.

Tume ya Codex Alimentarius, iliyoanzishwa na FAO na WHO mwaka 1963, huweka viwango vya juu vya mabaki kwa kila zao na dawa. Kiwango hicho hakimaanishi kuwa chembe moja zaidi ya hapo inaua. Kinaonyesha kiasi kinachopaswa kubaki endapo mkulima amefuata lebo, baada ya kuhakikishwa kuwa kiasi hicho ni salama kwa mlaji. Mabaki yakizidi, ujumbe wake ni kwamba lebo haikufuatwa, na kinga ya mlaji imeliwa kwa kiasi fulani.

Sasa nyanya iliyoanza kuiva haisubiri siku saba. Katika kilele cha mavuno huchumwa mara mbili kwa wiki, na mmea uleule una matunda mabivu leo, yatakayoiva Alhamisi, na machanga yanayoliwa na kantangaze sasa hivi. Mkulima akipuliza ili kuokoa machanga, anapuliza na mabivu. Akisubiri siku 14, mavuno manne yameoza au yameingiliwa na viwavi. Dalali anaangalia tundu, haangalii mabaki, na nyanya yenye tundu hukataliwa papo hapo. Hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo: soko linaadhibu tundu linaloonekana na kusamehe sumu isiyoonekana. Hakuna semina ya mkulima itakayolibadilisha hilo peke yake. Dawa zenye siku chache za kusubiri, kama za Bt, lazima ziwepo dukani kwa bei inayokaribia ya paretoidi, la sivyo mkulima atafanya kile ambacho mtu mwingine yeyote mwenye ada ya shule ya kulipa angefanya.

Mboga za majani zina shida yake. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, na jani lake ni pana na jembamba: hupokea dawa nyingi kwa uzito mdogo. Kiasi kilekile cha dawa kinachoacha mabaki kidogo kwenye kabichi, ambayo majani yake ya nje hutupwa, huacha mengi zaidi kwenye fungu la mchicha.

Vipimo vya nchini vinaonyesha hali hiyo kwa namba. Utafiti wa Jones Kapeleka na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 ulipima sampuli 613 za mboga na matunda yanayozalishwa na wakulima wadogo wa Tanzania. Asilimia 47.5 zilikutwa na mabaki, na kati ya hizo asilimia 74.2 zilivuka viwango vya juu. Organofosfeti ndizo zilizotawala. Nyanya, vitunguu, tikiti maji, matango, kabichi ya Kichina na pilipili hoho zilikuwa miongoni mwa zilizovuka zaidi. Zilipatikana pia dalili za endosulfani na dieldrini, dawa zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm.

Unga mweupe au wa buluu hafifu unaoonekana kwenye nyanya za sokoni mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu. Kuuona unga huo hakumaanishi kuwa nyanya ndiyo mbaya kuliko zote, na kutouona hakumaanishi usalama, kwa kuwa dawa nyingi za wadudu hazina rangi. Kuosha kwa maji mengi yanayotiririka huondoa sehemu ya kilicho juu ya ngozi. Kumenya huondoa zaidi. Kupika hupunguza baadhi ya dawa. Dawa inayofyonzwa na mmea, kama imidaklopridi, imo ndani ya nyama ya tunda, na maji hayaifikii.

Mpulizaji mwenyewe hupata sehemu kubwa kuliko mlaji yeyote. Organofosfeti humletea mate mengi, jasho, mboni za macho kusinyaa, kichefuchefu na misuli kutetemeka, na kwa kipimo kikubwa pumzi hukatika. Bomba linalovuja mgongoni, mikono mitupu inayochanganya dawa, na chupa tupu inayogeuzwa ya kuchotea maji ni njia tatu za sumu kuingia nyumbani bila kupitia sokoni.

Mbu wa Muleba

Wilaya ya Muleba, jirani wa Biharamulo, iliupa ulimwengu somo kubwa la usugu, na halikutoka shambani. Baada ya mlipuko wa malaria wa mwaka 2006, nyumba za Muleba zilianza kupuliziwa lambda-sihalothrini kwenye kuta za ndani kuanzia mwaka 2007, huku vyandarua vyenye paretoidi vikigawiwa. Kufikia mwaka 2011 mbu wa Anopheles gambiae wa eneo hilo walikuwa sugu kwa kiwango kikubwa, na dawa ya kuta ikabadilishwa kuwa bendiokabu, ambayo ni kabamati. Kati ya mwaka 2014 na 2016 jaribio lililoongozwa na Natacha Protopopoff likilinganisha vyandarua vya kawaida na vile vilivyoongezwa PBO, kemikali inayozima vimeng'enya vya mdudu, lilikuta maambukizi kwa watoto yamepungua kwa asilimia 44 zaidi kwenye vya PBO katika mwaka wa kwanza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo kwa maeneo yenye usugu.

Lambda-sihalothrini ya kuta za Muleba ni ileile ya kwenye bomba la nyanya. Viluwiluwi vya mbu hukulia kwenye vidimbwi na mifereji ya mabonde, chini ya mboga zinazopuliziwa. Watafiti wa Tanzania, akiwemo Theresia Nkya, wamelinganisha mbu wa maeneo ya kilimo, ya mjini na yenye uchafuzi kidogo, na kukuta njia zao za usugu zikitofautiana kulingana na mazingira. Kila bomba la paretoidi linalomwagwa bondeni bila sababu hudhoofisha chandarua cha mtoto aliyelala mita mia chache kutoka hapo. Hii ni sababu tosha ya kulifanya suala la dawa za mboga kuwa la wizara ya afya, si la kilimo pekee.

Kinachofanya kazi

Sheria ipo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na kurithi kazi za TPRI, taasisi ya viuatilifu iliyokuwa Arusha. Usalama wa chakula sokoni uko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Kilicho haba ni vipimo vinavyofika kwenye masoko ya wilaya.

Shambani, hatua yenye faida kubwa kuliko zote haigharimu dawa: kung'oa na kufukia masalia ya nyanya mara mavuno yanapokwisha, bonde zima kwa wakati mmoja, na kutopanda nyanya, viazi mviringo, bilinganya au mnavu mahali hapo msimu unaofuata. Kantangaze anakula zote hizo. Bonde likikaa wiki sita bila jamii ya nyanya, mzunguko wake hukatika. Kazi hii haifanikiwi kwa mtu mmoja. Inahitaji serikali ya kijiji kupanga tarehe na kuisimamia, kama inavyosimamia mifugo isiingie mashambani.

Inayofuata ni kupuliza kwa kuona. Mitego yenye harufu ya jike hukamata madume na kuonyesha lini nondo wameongezeka. Majani ishirini au thelathini yakikaguliwa asubuhi mara mbili kwa wiki, mkulima hujua kama kuna sababu ya kujaza bomba. Ikiwepo, namba ya kundi ndiyo mwongozo: kundi moja kwa kizazi kimoja cha mdudu, yaani takriban siku 30, kisha kundi jingine kabisa, bila kurudia la kwanza hadi vizazi viwili vipite. Tunda likianza kuiva, zibaki Bt na dawa nyingine zenye siku chache. Utupa na mwarobaini vinasaidia dhidi ya vidukari na viwavi wadogo vikiandaliwa vizuri, ila utupa una rotenoni, sumu inayoua samaki, na hautakiwi kuoshewa mtoni.

Kwa upande wa mlaji kuna jambo moja linalodai haki. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamuru sehemu ya kumi ya shehena za maharage mabichi na njegere kutoka Kenya ipimwe mabaki, baada ya kukutwa na dimethoeti. Katika muda mfupi wakulima wa Kenya walibadilisha dawa, kampuni zikaajiri wakaguzi, na matumizi ya dimethoeti kwenye maharage yakasimamishwa. Walaji wa Ulaya walilindwa kwa sababu mtu alipima. Tenga la nyanya linalouzwa Biharamulo, Ngara mjini au Kabanga linastahili kupimwa vilevile: sampuli chache kila mwezi wa kiangazi, matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili, na bonde lililozidisha litembelewe na afisa ugani kabla ya mgambo.